Nyumba Isiyo na Mkwe

Jael Navalayo hakuwahi kuketi katika nyumba ya mtu kabla ya kuupima ukuta. Angesalimu, angeulizwa habari za mama yake na za safari, angeonyeshwa kiti, lakini kabla hajakikalia angesogea kando, aweke kiganja ukutani karibu na kona, asukume kidogo, kama mtu anayemwamsha mgonjwa. Ndipo akae. Wenyeji wengine walicheka. "Dada, unaibembeleza nyumba yangu ilale?" Wengine walinuna, maana nani apendaye mgeni wa kukagua? Beldina, aliyekaa naye nyumba moja Lurambi, alikuwa akimfinya mkono wanapokaribia mlango wa watu.

"Leo usifanye, tafadhali. Huyu ni mke wa pasta."

Jael aliitikia kwa kichwa, akaingia, akausukuma ukuta wa pasta.

Watu wa kwao Malinya walisema tabia hiyo ilitoka utotoni, kwa kuwa baba yake alifukiwa na udongo katika shimo la dhahabu. Mwenyewe alikana. Alisema ni kazi tu, kama vile fundi cherehani anavyokodolea macho pindo la gauni la mtu kanisani.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kuchora ramani. Hiyo ilikuwa miaka ya mwanzo ya Uhuru. Kakamega ilikuwa imefanywa makao makuu ya mkoa mpya, na ofisi zilinuka rangi mbichi. Beldina alikuwa mpiga taipu, chumba cha mbele, penye kelele na porojo. Jael alikuwa chumba cha mwisho, chenye dirisha kubwa na meza iliyoinama, mwanamke peke yake miongoni mwa wanaume wa tai. Walimheshimu. Hakuna aliyewahi kumdharau mbele ya watu. Ila saa ya chai walikaa pamoja upande mmoja wakizungumza habari za mashamba na wake zao, naye akanywa yake amesimama dirishani, akitazama mvua ya alasiri ikitokea upande wa msituni.

Alikuwa amepita umri ambao watu wa kwao humngojea msichana. Mwanzoni walimuuliza ataolewa lini, kisha wakaacha kuuliza, na Beldina alijua kwamba huko kuacha ndiko kulikomuuma. Alipokwenda Malinya mwisho wa mwezi alilala jikoni kwa mama yake, kwa sababu binti hana nyumba kwa baba yake. Nyumba ni za kaka zake na wake zao. Siku moja alirudi Lurambi kimya, akaukoroga obusuma, ugali wa kwao, hadi mwiko ukalia. Mwishowe akasema kaka yake mkubwa alikuwa akionyesha watu mipaka ya boma, na alipofika nyuma ya ua, penye migomba, akasema bila ubaya wowote kwamba hapo patamfaa Jael siku yake ikifika. Binti asiyeolewa hazikwi ndani ya boma.

"Alikuwa anapanga tu," Jael akasema. "Mtu mwenye shamba hupanga. Kula, chakula kinapoa."

Ramani iliyobadilisha maisha yake ilianza kwa beseni. Mvua za mwaka wa sitini na moja zilikuwa zimelijaza Ziwa Victoria, na maji hayakurudi. Kule Bunyala, Mto Nzoia unapomwagika ziwani, yalimeza mashamba yakapiga kambi milangoni mwa watu. Ndipo akaja mtaalamu wa miamba kutoka ng'ambo, mtu mrefu mpole, akauliza swali jipya: ikiwa ardhi ya pwani ile itatetemeka, maji haya yaliyojaa hivi yataruka yafike wapi, na nyumba zipi zitabaki zimesimama? Bwana Kibiwott, mkuu wa chumba cha ramani, Mnandi wa maneno machache, hakuelewa maji yatarukaje. Yule mgeni akaomba beseni. Akalijaza hadi ukingoni, akalipiga teke dogo, na viatu vya Bwana Kibiwott vikalowa chepechepe.

"Sasa nimeelewa," Bwana Kibiwott akasema, akikung'uta mguu.

Basi wapimaji wakatumwa pwani ya ziwa, nyumba kwa nyumba, na walichoandika kikaja mezani kwa Jael: nyumba ya nani, kuta za nini, iko juu kiasi gani kutoka majini. Yeye alizichora zote na kuzipaka rangi. Nyekundu ni nyumba itakayoanguka au kufikiwa na wimbi. Njano ni itakayopasuka lakini mtu anaweza kutoka. Kijani ni itakayosimama. Kisha, kutoka kila nyumba nyekundu, mshale mwembamba wa wino mweusi hadi nyumba ya kijani iliyo karibu, ili watu wajue pa kukimbilia.

Hakuwa ameliona ziwa hata siku moja. Lakini jioni, wakimenya viazi, alizungumza habari za watu wa huko kama jirani zake.

"Leo nimempaka mama mmoja nyekundu."

"Umempaka nini?"

"Nyumba yake. Nabwire, mjane. Iko chini kabisa, ya udongo, nguzo zimeliwa na mchwa. Samaki wanaweza kumbishia hodi."

"Na wewe unamsikitikia, hata humjui."

"Namjua. Ana jiko upande wa mashariki, na zizi halina kitu."

Beldina alikuwa na mchumba wakati huo, mtu wa Likuyani aliyepata shamba katika mashamba yaliyoachwa na walowezi, na barua zake alizisoma mara nyingi. Aliona namna mwenzake anavyojipatia watu kutoka kwenye karatasi.

Mwisho wa mwaka wa sitini na tano ramani ilikamilika, na Bwana Kibiwott akaamua ipelekwe kwa wenyewe. Alimchukua Jael aieleze, kwa kuwa Kiluhya anakijua, na Beldina aandike yatakayosemwa. Chifu aliita baraza kwenye shule ya kanisa, juu kwenye mwinuko, na ramani ikatundikwa ukutani.

Jael alisimama mlangoni kwa muda akilitazama ziwa. Lilikuwa pana, la kijivu, na nyumba zile zote zilikuwa pale pale alipoziweka.

Watu walifurahi sana kujitafuta.

"Binti, hapo ndipo kwangu? Mparachichi wangu uko wapi?"

"Ramani hii haina miti, mzee."

"Basi hapo si kwangu."

Wakacheka, naye akacheka nao. Beldina hakuwa amemsikia akicheka mbele ya watu wengi namna ile. Alieleza rangi, akaeleza wimbi, akawaambia wasingoje kubeba vitu. Kisha akaweka fimbo yake chini kabisa ya ramani.

"Hii ni ya Mama Nabwire."

"Niko hapa," sauti ikajibu. Alikuwa mzee mdogo wa mwili, kitambaa cha buluu kichwani, ameketi mbele pamoja na akina mama wa huko chini, karibu na maji.

"Mama, ardhi ikitikisika, fuata mshale huu. Unapanda hivi, unapita kisima, unafika nyumba ya mawe yenye mlango mpana. Ya Bwana Chrispinus."

Halafu kicheko kikaanza nyuma, kwa vijana, kikaja mbele kama moto wa nyika.

"Serikali imekubali! Mama, beba mkeka, mkwe anakungoja!"

"Chrispinus, tandika kitanda!"

"Uhuru tumeuona. Bado nini?"

Mtu mmoja mnene mwenye duka, aliyekuwa ameegemea dirisha, akavuta kofia usoni, akageuka, akatoka bila kutazama upande wa akina mama. Huyo ndiye Chrispinus, mume wa binti ya Nabwire. Nabwire mwenyewe alikuwa ameshusha kitambaa chake hadi kidevuni.

Jael alibaki ameshika fimbo. Hakuna Mluhya asiyejua jambo hilo, wa ziwani au wa msituni. Mama mkwe haingii nyumba ya mume wa bintiye. Wakikutana njiani, mmoja huingia kichakani mwenzake apite. Mama yake Jael mwenyewe alikuwa akimpelekea mkwewe ingokho, kuku wa heshima, kwa mkono wa watoto, akasimama mbali akiwangoja na kikapu. Jael alikua akiliona hilo, kisha akaketi mezani na rula, akachora mstari ulionyooka kutoka kwa mama hadi kitandani pa mkwewe.

Wala haikuwa kwa Nabwire tu. Aliifuata mishale mingine kwa macho, na Beldina akamwona anavyobadilika rangi. Watu wa chini ni ukoo mmoja na watu wa juu ni ukoo mwingine, nao wameozana tangu zamani. Nyumba zote za mawe zilikuwa juu. Akina mama wote wa chini walikuwa wameelekezwa kwa wakwe zao.

"Kanisa je?" Bwana Kibiwott akamnong'oneza. "Au hii shule?"

"Ni za udongo, bwana. Nimezipaka njano; zikipasuka hakuna wa kulala humo."

Baraza lilipovunjika, Nabwire alimjia, akamshika kiwiko.

"Umechora vizuri, mwanangu. Usilie. Lakini mimi huko siendi."

"Na maji yakija, mama?"

"Maji si yamekuwanga hapa mlangoni miaka yote hii? Tumezoeana."

Njiani kurudi, gari likiruka kwenye mashimo, Bwana Kibiwott aliitazama barabara tu hadi walipofika Mumias. Kisha akasema, kama anayeongea na kioo, "Hata mimi kwa mama mkwe wangu siingii. Na nilitia sahihi."

"Kwenye karatasi nilikuwa naona mapaa," Jael akasema.

Ramani ilikunjwa ikawekwa rafuni, ingoje kurekebishwa. Jael alijaribu. Alitafuta nyumba nyingine ya kijani ambayo mtu wa chini angeifikia kwa miguu kabla ya maji, na hakuipata. Aliendelea kuitafuta hata alipopewa kazi nyingine za barabara na mipaka, na usiku Beldina alimsikia akigeuka kitandani.

Jumapili moja ya mwezi wa tatu, alfajiri, vikombe vyao vilianza kugongana kabatini. Beldina alidhani ni panya. Kisha kitanda kikasogea, na mbwa wa Lurambi nzima wakabweka pamoja. Tetemeko halikuchukua muda. Baadaye redio ilisema tetemeko lilikuwa kubwa upande wa Uganda, na kwamba huko watu walikufa. Kwao hapo ulidondoka ubapa wa chokaa tu. Beldina alipowasha taa alimkuta Jael amekwisha kuvaa viatu, amekaa ukingoni mwa kitanda, mikono magotini.

"Nabwire," akasema.

Alipanda basi la kwanza, akarudi Jumanne. Alikuwa na tope hadi magotini na alisimulia akitazama sakafu.

Ziwa lilikuwa limepanda ghafla. Si lile wimbi la mtaalamu, lakini lilitosha kuingia mashambani na kuuangusha upande mmoja wa nyumba ya Nabwire. Mwenyewe alikuwa ametoka mapema. Alipanda, akapita kisima, kama alivyoelekezwa, akafika kwenye ua wa Chrispinus na kuku wake kwapani. Hapo akasimama. Mvua ilikuwa inanyesha. Binti yake alitoka akamsihi, na Chrispinus akasema kutoka ndani, kwa kupitia mkewe, "Mwambie mama aingie, mimi nitatoka." Akatoka kweli kwa mlango wa nyuma, akaenda kusimama chini ya mnyonyo upande wa pili, amegeuza mgongo. Nabwire hakuingia. Kiti cha mkwe kiko ndani, alisema, na kitanda chake kiko ndani. Basi ikawa hivyo mpaka jua lilipotoka: mama mkwe huku, mkwe kule, wote wawili wanalowa, na katikati nyumba ya mawe, mlango wazi, haina mtu.

"Sasa anakohoa," Jael akasema. "Kifua chote kinalia."

"Atapona, dada."

"Safari hii atapona."

Baada ya hapo Beldina alimwona akifikiri kwa muda wa wiki kadhaa, na hakuwa na namna ya kuzuia kilichokuwa kinakuja. Kwanza Jael aliwaandikia wazee wa kanisa la pale mwinukoni, kuomba kipande cha ardhi ya kanisa ijengwe nyumba ya mawe ya kukimbilia. Walijibu kwamba wamependezwa, ila nyumba isiyo na mwenyewe ni ya popo na wachawi. Hakuna mama atakayelala penye jiko baridi. Apatikane mwenye nyumba. Lakini mwenye nyumba wa ukoo wa juu ni mkwe, na wa ukoo wa chini hana ardhi juu. Nani atakaa humo?

Jioni hiyo walikuwa wanachambua mboga. Jael akaiweka chini ile barua.

"Beldina, niambie. Mimi ni mkwe wa nani?"

"Wewe? Si mkwe wa mtu yeyote, dada."

"Sina mume, sina binti, sina mwana. Hata huko ziwani sina shangazi aliyeolewa."

"Huna."

"Basi," Jael akasema, akaendelea kuchambua.

Miaka mingi baadaye Beldina alitamani angejibu polepole zaidi. Alikuwa na harusi yake kichwani, na neno lile lilimtoka jepesi, kama mtu anayetaja siku ya wiki.

Bwana Kibiwott alimwita ofisini. Mlango ulikuwa wazi na taipureta ya Beldina ikanyamaza yenyewe.

"Navalayo, unaacha kazi ya serikali kwa sababu ya mshale?"

"Ni mingi, bwana."

"Utakula nini?"

"Kanisa limekubali nikae mimi, na litanipa darasa la watoto."

Bwana Kibiwott aliifunika kalamu yake. "Ungekuwa binti yangu ningekukataza," akasema. "Lakini ungekuwa binti yangu, nadhani nisingeweza."

Nyumba ilijengwa na Onesmus, fundi, mdogo wake Chrispinus. Alikuwa mwanamume wa makamo aliyefiwa na mkewe, mtu wa kusikiliza zaidi ya kusema, na alijenga kwa utulivu kama anayesuka. Ilikuwa kichekesho kwanza: mwanamke anasimamisha nyumba! Nguzo ya kwanza nani ataishika? Kwa desturi huishika mwanamume mwenye boma. Wazee walijadiliana nusu siku nzima. Mwishowe Nabwire akanyanyuka mahali alipokuwa amekaa akikohoa, akasema, "Ngojeni mpaka mvua, basi," akaishika nguzo mwenyewe, na Onesmus akashindilia udongo akiwa ameangalia pembeni, maana mama mkwe wa kaka yako ni mama mkwe wako pia.

Beldina aliolewa mwaka huo. Barua za Jael zilimfikia Likuyani, fupi, zenye mwandiko wa ramani, kila herufi imesimama peke yake. Watoto wa darasani wana utundu. Ukuta wa magharibi umekauka vizuri. Akina mama wa chini wamepanda mara mbili waliposikia ziwa linanguruma, wakalala chini kwa safu, wakapiga gumzo mpaka asubuhi, hakuna maji yaliyokuja, wakashuka wakicheka. Baada ya hapo nyumba ilikuwa kimya sana. Hivyo ndivyo alivyoandika: kimya sana. Halafu akauliza mahindi yameota vipi.

Siku moja Onesmus alitokea Likuyani. Alikuwa amebadilisha mabasi matatu, na alibeba samaki, ngege wa kukaushwa waliofungwa kwa majani ya ndizi. Alikaa, akanywa chai, akasifu mahindi, akasifu ng'ombe, akamsifu mume wa Beldina kwa ng'ombe. Beldina akamhurumia.

"Shemeji, sema. Umetoka mbali."

"Hana kaka wa karibu naye nitakayemwendea," Onesmus akasema. "Wewe ndiye dada yake. Nataka umwulize kwa niaba yangu. Mimi nimekaa naye mlango kwa mlango, na kila nikifungua mdomo namwambia habari za mabati."

"Yeye anasemaje, kwa macho?"

Onesmus alitabasamu akitazama kikombe. "Hunipikia ninapoleta kuni. Na nikiondoka husimama nje."

Beldina alilia kidogo jikoni kwa furaha. Alifunga safari wiki hiyo hiyo. Kichwani alikuwa amemwona Jael akiwa na mtu wa kumwita kwa jina jioni, na mahali ndani ya boma, mbali na ile migomba ya nyuma ya ua.

Jael alimpokea kwa mikono miwili. Alikuwa amekonda na nywele zimeanza mvi kwenye panja. Nyumba ilikuwa chumba kimoja kikubwa, mikeka imekunjwa juu, kitanda kimoja chembamba pembeni. Nabwire alikuwemo, anachambua maharagwe, na hakuondoka Beldina alipoanza kusema, kwa hiyo akasema mbele yake.

Jael alisikiliza mpaka mwisho. Hakushangaa. Alipitisha mkono mara moja juu ya meza, kama anayefuta vumbi lisilokuwepo.

"Ni mtu mwema," akasema.

"Basi?"

"Nikiwa mke wa Onesmus, hii ni nyumba ya Onesmus."

"Utakaa kwake. Hii itabaki."

"Itabaki na jiko baridi. Au nitakuwa nakuja kuliwasha, mke wa Onesmus, na huyu mama atasimama pale nje na kuku wake."

Nabwire aliacha maharagwe. "Mwambie aolewe," akamwambia Beldina, kana kwamba Jael hayupo. "Mimi ni mzee. Nimesemanga naye, hasikii. Maji yakinikuta yamenikuta. Nani alimwambia anichunge?"

"Nilikuchora vibaya, mama."

"Ukanichora! Mimi nilizaliwa nimechorwa." Akarudia maharagwe yake kwa hasira, na machozi yakawa yanamtoka humo humo.

Usiku wanawake hao watatu walilala chini kwa safu. Beldina alizungumza gizani, akatumia kila alichokijua: uzee, ugonjwa, nani atakayekuletea maji. Jael alijibu kila kitu kwa upole. Alisema Onesmus akigonga msumari huwa anausubiri kidogo kabla ya kugonga tena, na kwamba amekuwa akisikiliza hilo tangu nyumba ilipoanza. Alisema kuna jioni ambazo anatamani ziwa liruke tu, ili watu waje. Kisha akasema hilo ni wazo baya na akaomba Mungu amsamehe.

Wimbi halikuja mwaka huo, wala uliofuata. Ramani iliendelea kukaa rafuni Kakamega. Jael alishikwa na homa msimu mmoja wa mvua, akafariki upesi. Habari zilimfikia Beldina akiwa amejifungua mtoto wa tatu, mazishi yamekwisha kupita. Aliambiwa kwamba kaka zake Jael walikuja kumchukua, na akina mama wa chini wakakaa mlangoni hawakuinuka, hivyo akazikwa pale pale mwinukoni kwenye ardhi ya kanisa. Aliambiwa kwamba Nabwire ndiye aliyemfumba macho. Onesmus hakuoa tena.

Lakini hayo yote yalikuwa bado asubuhi ile ya kuagana. Ukungu ulikuwa umelala juu ya ziwa. Jael alimsindikiza Beldina hadi penye kisima, mahali njia inapoanza kuteremkia barabarani, na kutoka hapo waliweza kumwona Onesmus amesimama kule barabarani mbele ya duka la kaka yake, amevaa koti lake la kanisani siku ya kazi, anangoja jibu na anajifanya anatengeneza bawaba ya mlango. Beldina akamshika mwenzake mikono yote miwili.

"Nimwambie nini, dada?"

Jael alimtazama yule mtu wa kule chini kwa muda mrefu.

"Mwambie nilifurahi kuulizwa," akasema. "Na umwambie maji bado hayajashuka."